Kiti cha mtumba kisicho na muhuri: nimetapeliwa?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nimenunua kiti kimoja cha mezani, mtumba. Mbao yake ina rangi ya asali iliyokolea, kikalio kimesukwa kwa kamba ya karatasi, na egemeo limepinda kufuata mgongo. Muuzaji aliniapia kuwa ni kiti cha Denmark cha miaka ya 1950, kazi ya Niels Møller, na bei aliyonitoza ni ya jina hilo. Nimekipindua: hakuna muhuri wala maandishi. Kuna tu duara dogo lenye rangi hafifu upande wa ndani wa fito ya nyuma. Kwenye kona mbili za chini kuna skrubu za msalaba. Tena ukitazama ukingo wa juu wa egemeo unaona mistari myembamba, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Shemeji yangu anasema kisicho na muhuri ni feki, basi. Mwingine ananiambia mtiki wa namna hii hautoki popote ila Denmark. Je, nimetapeliwa? Na nikikipiga msasa nikakipaka vanishi mpya, kitapanda thamani au nitakiharibu?"

Kinachokuuma ni kwamba umelipia jina, na sasa huoni jina. Nikutoe wasiwasi kwa sehemu: kwa maelezo yako, kiti hiki kinaweza kabisa kuwa cha zamani na kilichotengenezwa vizuri. Ila hilo jina la Møller nina mashaka nalo, na mashaka yangu hayatokani na muhuri uliokosekana. Yanatokana na ile mistari ya kwenye egemeo, uliyoitaja kama jambo dogo tu la mwishoni.

Kwanza tutenganishe mambo. Muuzaji alikuuzia madai manne kwa mkupuo mmoja: nani alikibuni, kiwanda gani kilikitengeneza, nchi gani, na mwaka gani. Kila dai lina ushahidi wake, na moja likithibitika halivuti mengine matatu. Chukua kiti cha Hans Wegner kinachoitwa CH24, chenye egemeo lililoshikwa katikati na kipande chenye umbo la Y. Alikibuni mwaka 1949, na kampuni ya Carl Hansen & Søn ikaanza kukitengeneza mwaka 1950. Mpaka leo inakitengeneza. Mtu anaweza kukuuzia CH24 ambayo mbunifu ni yeye kweli, kiwanda ni chenyewe, nchi ni Denmark, na kiti kilitoka kiwandani mwaka juzi. Hakuna feki hapo. Kuna uongo wa umri tu. Na kinyume chake kipo pia: kiti cha mwaka 1960, cha umri wake halali, kilichotoka kiwanda ambacho jina lake halijulikani na mtu, ambacho muuzaji amekibandika jina la mbunifu maarufu kwa sababu "kinafanana". Hili la pili nakutana nalo mara nyingi zaidi kuliko feki zenyewe.

Sasa shemeji yako na muhuri. Viti vingi vya enzi hiyo viliwekewa alama: muhuri uliochomwa kwenye mbao, medali ndogo ya chuma iliyogongomewa, au karatasi iliyobandikwa. Karatasi ndiyo ya kwanza kupotea. Inakauka, inabanduka, au fundi anapobadilisha kikalio anaitupa pamoja na kitambaa cha zamani. Medali nazo hung'oka, nyingine hung'olewa na watu ili zikapachikwe kwenye viti visivyostahili. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: maandishi ya MADE IN DENMARK yako kwa Kiingereza kwa sababu kiti kilikuwa kinakwenda nje. Sheria za forodha za Marekani, kwa mfano, zilidai bidhaa inayoingia iwe na jina la nchi ilikotoka. Kiti kilichouzwa hukohuko Denmark hakikuwa na sababu hiyo ya kuandikwa. Kwa hiyo kukosekana kwa muhuri hakuthibitishi chochote, si wema wala ubaya.

Kuwepo kwa muhuri nako kusikulevye. Alama ya duara yenye maneno DANISH FURNITUREMAKERS' CONTROL, ambayo wauzaji huionyesha kama cheti cha kuzaliwa, ni alama ya chama cha watengenezaji kuhusu ubora. Haimtaji mbunifu, na viwanda vingi tofauti viliitumia. Na muhuri wa kuchomwa unaweza kuigizwa na yeyote mwenye chuma na moto. Ukikutana nao, uweke chini ya taa ya pembeni na uutazame kwa lenzi. Ule wa kiwandani kwa kawaida ulipigwa kabla ya mbao kupakwa mafuta au vanishi, hivyo ngozi ya vanishi imeshuka mpaka ndani ya herufi, kingo zimelainika, na vumbi la miaka limeganda kwenye mabonde yake. Uliopigwa majuzi unapasua vanishi: kingo ni kali, ndani ya herufi ni pakavu na pasafi, na pembeni utaona vanishi imetoa vipovu kwa joto. Ukishawahi kuziona mbili hizo zikiwa zimewekwa pamoja hutazichanganya tena.

Wewe hata hivyo una kitu: lile duara hafifu. Mbao hubadilika rangi kwa mwanga na hewa, na mahali palipofunikwa hubaki nyuma. Duara hilo ni kivuli cha alama iliyokuwapo. Chukua rula ulipime kipenyo chake, kisha lipapase kwa ukucha. Ukisikia limezama kidogo, au ukiona tundu jembamba la pini, hapo palikuwa na medali. Likiwa sawa na mbao na lina utando wa gundi uliokauka, ilikuwa karatasi. Ukipata kipimo, unaweza kukilinganisha na medali na karatasi za viwanda vya wakati ule ambazo ziko kwenye picha za minada na za makumbusho. Halitakupa jina peke yake, ila linaweza kuondoa majina kadhaa kwenye orodha. Kiwanda cha Møller mara nyingi kilichoma muhuri wake kwenye mbao yenyewe, na muhuri wa kuchoma hauanguki. Ungefutika tu kama mtu angepiga msasa mahali hapo, na mahali palipopigwa msasa panajulikana: bapa, pameng'aa, na rangi yake ni tofauti na fito nyingine.

Kuhusu mtiki, huyo mwingine amegeuza mambo juu chini. Hakuna mtiki unaoota Denmark. Mbao hiyo ilisafirishwa kwa meli kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi wa Denmark waliipenda mno. Lakini meli hizo hazikutia nanga Copenhagen tu. Sweden na Norway walitumia mtiki, Uingereza walitumia mtiki na pia afromosia, mbao ya Afrika inayofanana nao sana machoni. Yugoslavia walitengeneza viti vya mtindo wa Skandinavia kwa wingi na kuvipeleka Marekani. Vingine vilikuwa vizuri tu. Ubaya wao ni kwamba vikipoteza karatasi vinageuka kuwa "vya Denmark" mikononi mwa muuzaji. Kwa hiyo mbao inakuambia enzi na mtindo, haikuambii nchi. Kidokezo kimoja cha wakusanyaji wa vitu vya kale, kile cha kupima mguu wa duara kwa kalipa ili uone kama umekuwa yai kwa sababu mbao husinyaa zaidi upande mmoja, kinafaa kwa fanicha za karne zilizopita. Mtiki husinyaa kidogo sana, na miaka sitini au sabini ni michache. Usijisumbue nacho.

Kamba ya karatasi ina historia yake. Wakati wa vita, malighafi za kusukia kutoka nje zilipoadimika, Wadenmark walianza kusokota karatasi kuwa kamba ngumu, na vita vilipoisha wakawa wamekwisha kuipenda. Ila kikalio ni sehemu inayochakaa na kubadilishwa, hivyo kamba mpya kwenye kiti cha zamani ni jambo la kawaida, na kamba ya zamani haikuhakikishii kitu. Kinachosema zaidi ni namna ilivyofungwa. Chungulia chini kwa tochi: kamba imezungushwa tu kwenye fito, au imenaswa kwenye misumari midogo iliyopinda kama herufi L iliyopangwa kwa ndani? Kama ni misumari, tafuta matundu matupu pembeni mwake. Matundu ya ziada maana yake kikalio kimesukwa upya. Kama kuna pini za stepla za kung'aa, aliyesuka mara ya mwisho alikuwa na haraka.

Skrubu za msalaba zisikutie hofu. Skrubu ya kichwa cha msalaba ilianza kutumika Marekani miaka ya 1930. Ulaya ilichelewa, na kwenye viti vya miaka ya 1950 huko mimi hutarajia zaidi kichwa chenye mfereji mmoja, kwa hiyo zako zinanisogeza kidogo kuelekea miaka ya 1960 na kuendelea, au kuelekea kwa fundi aliyekaza kona baadaye. Toa moja polepole kwa bisibisi inayoenea sawasawa. Tundu likiwa limepwaya, au limetobolewa juu ya tundu jingine la zamani, ni ya fundi wa baadaye. Na kama utakutana na kiti chenye boliti za kufungua kwa ufunguo wa pembe sita, usikimbilie kusema ni cha juzi: kampuni ya France & Son ya Denmark iliuza nje viti vya mtiki vinavyofunguka vipandevipande tangu enzi hizo ili kuokoa nafasi melini.

Sasa tufike kwenye egemeo.

Mbao iliyopinda hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuchonga: unachukua gogo nene na kuondoa kila kisicho egemeo. Inakula mbao nyingi na muda mwingi. Ya pili ni kupinda kwa mvuke, njia iliyompa umaarufu Michael Thonet na kiti chake namba 14 cha mwaka 1859. Ya tatu ni kugandisha tabaka: vinia, yaani vipande vya mbao vyembamba sana, zinapakwa gundi, zinapangwa, zinabanwa kwenye kalibu mpaka zikauke zikiwa na umbo. Kila njia inaacha saini yake kwenye mbao. Ikichongwa, nyuzi za mbao zimenyooka lakini uso umepinda, hivyo uso unazikata, na katikati ya mpindo utaona michoro ya yai au ya mawimbi inayopanuka. Ikipindwa kwa mvuke, nyuzi zinafuata mpindo kutoka mwanzo hadi mwisho, bila tabaka. Ikigandishwa, nyuzi za juu zinafuata mpindo vilevile, lakini ukingo unaonyesha tabaka.

Niels Otto Møller alianzisha kiwanda chake mwaka 1944, na viti vyake vya mezani vinavyotafutwa zaidi, namba 71 cha mwaka 1951 na namba 78 cha mwaka 1962, sifa yao ni hiyohiyo ya kuchonga: mbao nzima, iliyolainishwa mpaka hujui mguu unaishia wapi na egemeo linaanzia wapi. Egemeo la tabaka haliingii hapo. Kama mistari unayoiona ni ya gundi, muuzaji amekosea jina, kwa makusudi au kwa kutojua.

Lakini hakikisha kwanza ni ya gundi, maana mtiki wenyewe huota kwa miduara ya mwaka iliyo wazi, na ukikatwa kwa pembe fulani miduara hiyo hutokea ukingoni kama mistari. Chukua lenzi, au kamera ya simu iliyosogezwa karibu. Miduara ya mwaka haina upana mmoja: mwaka huu mnene, ule mwembamba, na kila mstari una safu ya vitundu vidogo vilivyo wazi. Mistari ya gundi ina nafasi sawasawa, imenyooka sambamba na uso wa egemeo kokote linakopinda, ni myeusi au ya kahawia isiyo na vitundu, na mbao ya tabaka moja mara nyingi haifanani na ya jirani yake. Hesabu tabaka, kama unazihesabu bila kubabaika, ni tabaka kweli.

Na zikiwa ni tabaka, usikidharau kiti. Kuna dhana kwamba plaiwudi ni ujanja wa fanicha za bei rahisi. Katika karne ya 20 ilikuwa ndiyo teknolojia mpya. Charles na Ray Eames, kabla ya viti vyao kujulikana, walitengeneza vibanio vya miguu vya plaiwudi kwa ajili ya majeruhi wa jeshi la majini la Marekani wakati wa vita, na ujuzi huo ndio uliozaa viti. Arne Jacobsen alitoa kiti chake cha Chungu (yule mdudu, kwa Kiingereza Ant) mwaka 1952 na Series 7 mwaka 1955, vyote vya vinia zilizobanwa, vyote kwa kampuni ya Fritz Hansen, na hakuna anayeviita vya ovyo. Wakati mwingine tabaka zenyewe ndizo zinazotoa tarehe: kiti cha mapumziko cha Eames cha mwaka 1956 kilikuwa na magamba ya tabaka tano kwa miongo, kabla ya kuwa saba.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa maneno tu bila kukishika kiti: umri wa miaka ya mwisho ya 1950 hadi ya 1970, sioni la kuupinga. Denmark inawezekana, na nchi jirani au nyingine yoyote niliyoitaja inawezekana pia. Møller, kama tabaka zitathibitika, hapana. Ningekiandika hivi kwenye daftari: kiti cha mezani, mtiki, mtindo wa Denmark, mtengenezaji hajulikani, kiliwahi kuwa na alama ya duara. Najua si jibu la kufurahisha kwa aliyelipia jina, lakini viti vingi vizuri vya enzi hiyo vinaishia hapohapo, na wataalamu waaminifu hawaoni haya kuandika hivyo.

Rudi kwa muuzaji kabla muda haujapita. Usimwendee na neno feki. Mwonyeshe egemeo, mwombe akuambie anajuaje ni Møller: ana risiti ya zamani, picha ya karatasi kabla haijabanduka, viti vingine vya seti hiyo? Swali la seti ni muhimu, kwa sababu viti vya mezani viliuzwa kwa pamoja, na alama iliyopotea kwenye kimoja inaweza kuwa imebaki kwenye kingine. Ikipatikana karatasi yenye anwani, soma namba ya posta: Denmark ilianza kutumia namba za posta za tarakimu nne mwaka 1967, hivyo karatasi yenye namba hiyo haiwezi kuwa ya miaka ya 1950. Asipokuwa na chochote ila "kinafanana", una haki ya kudai tofauti ya bei.

Msasa, nakusihi, uweke chini. Rangi ile ya asali iliyokolea imejengwa na mwanga na mikono ya watu kwa miongo, haizidi unene wa ukucha, na msasa unaiondoa kwa dakika chache. Pamoja nayo unaondoa kingo, kivuli cha alama, na chochote ambacho mtaalamu angekitumia kukutambulia kiti. Kwenye egemeo la tabaka hatari ni kubwa zaidi, kwani vinia ya juu ni nyembamba na ukiitoboa hakuna kurudi. Viti vingi vya mtiki vilimaliziwa kwa mafuta, si kwa vanishi nzito. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, acha kikauke, jaribu mafuta kidogo ya mtiki chini ya fito pasipoonekana, subiri siku moja utazame. Vitambaa vyenye mafuta usivikunjekunje na kuviacha kwenye rundo: mafuta ya namna hiyo hutoa joto yanapokauka na vitambaa vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke kabisa. Kamba ya karatasi usiiloweshe.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi na inabidi mtu akishike kiti kwa mikono. Kikiwa kinayumba ukikalia, mpelekee fundi wa fanicha za zamani kabla hujaanza kukikalia kila siku, kwa sababu kiungo kilichoachia gundi hurekebishwa kirahisi na kilichopasuka hakirekebishiki kirahisi. Ukitaka kukiuza kwa jina la mbunifu, au kukikatia bima kwa thamani hiyo, omba tathmini ya maandishi kutoka kwa mtathmini wa fanicha za karne ya 20. Baadhi ya viwanda ambavyo bado vipo hujibu pia ukivitumia picha na vipimo. Na kama mtathmini atakuambia mbao si mtiki bali ni rosewood ya Brazil, mti wa jenasi moja na mpingo, usikivushe mpaka wa nchi yoyote kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori na mimea: biashara ya kimataifa ya mti huo imebanwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 1992, na kiti kinaweza kuzuiwa forodhani hata kama umri wake ni halali.

Ukipiga picha, piga hizi: kiti kizima kwa ubavu, chini yake chote, ukingo wa egemeo kwa karibu ukiwa na rula pembeni, na lile duara likiwa na mwanga wa kutoka upande mmoja.